Ofisi ya barua na mafaili Malindi: inawafaa kiasi gani jamaa wa mfungwa wa maisha

Ukiingia, usitazame kompyuta kwanza. Tazama kaunta buku lililo mezani. Ni daftari nene la jalada gumu, na kila mfungwa ana ukurasa wake: jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya kifungo, namba yake ya gerezani, namba ya kesi, gereza aliko, tarehe aliyoandikiwa mara ya mwisho, tarehe aliyotembelewa, na pembeni kulia safu ya mara ijayo, iliyoandikwa kwa penseli. Penseli ni kwa sababu tarehe huhama. Safu hiyo ndiyo inayoifanya ofisi hii istahili pesa za mtu, na mengine yote tutayapimia hapo.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, si mbali na mahakama za Malindi: meza mbili, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na benchi la watu watano. Jina hatulitaji, maana wateja wake wanatoka mitaa ambayo kila mtu anamjua mwenzake, na kuonekana tu kwenye benchi lile ni habari ya kutosha kwa jirani. Kazi wanazofanya ni kuchapa rufaa na maombi, kufuatilia mafaili, kuandika barua za familia, kupanga ziara na kuandaa ombi la huruma ya Rais. Tumeiangalia kwa jicho la mtu mmoja tu, yule ambaye mwanawe, mumewe au ndugu yake amehukumiwa maisha. Mahitaji ya mtu huyo si sawa na ya mwenye ndugu wa miaka mitano.

Aliyefungwa miaka tisa anaijua hesabu yake. Akiwa na nidhamu anasamehewa theluthi, anatoka kwa miaka sita, na akifika wa tano nyumbani washaanza kumtafutia godoro. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, ndicho kinachotoa theluthi hiyo, hakimgusi mfungwa wa maisha. Maisha hayana namba ya kugawa kwa tatu. Nidhamu humpa kazi nafuu, humpa heshima ya askari na wenzake, pengine humfanya nyapara, lakini tarehe haimpi.

Kwa hivyo hujitengenezea kalenda yake. Wako wanaohesabu kwa Ramadhani, wako wanaohesabu kwa mitihani ya KCSE inayofanyiwa gerezani, wako wanaohesabu kwa kupanda na kuvuna kwenye shamba la gereza. Miaka ya mwanzo ndiyo mizito. Watafiti wa Uingereza waliozungumza na watu waliopewa vifungo virefu vya maisha wakiwa vijana waliona hivyo hivyo: wapya waliumia kuliko waliokaa ndani miaka mingi, na waliotulia ni wale walioacha kushindana na wakati wakaanza kuutumia. Mwanzoni mtu huishi kwa rufaa peke yake. Kila jina likiitwa getini anadhani ni lake. Rufaa ikianguka huingia kimya kirefu, na bahati mbaya ni kwamba wakati huo huo familia nayo imeishiwa nauli na nguvu, safari zinaanza kupungua. Mambo hayo mawili yakigongana, mtu hupotea akiwa hai. Ofisi nzuri ni ile inayoijua miezi hiyo na kuijaza tarehe kwenye safu ya penseli.

Akivuka hapo, mara nyingi huwa mtu wa kazi: fundi wa karakana, mwalimu wa kusoma na kuandika, msaidizi msikitini au kanisani, mwandishi wa rufaa za wenzake. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mteja wa ofisi hii. Mfungwa wa maisha ana muda, amelisoma faili lake mpaka analijua kwa moyo, na wapo Wakenya waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Basi kabla hamjalipia kuchapa chochote huku nje, mwulizeni yeye amepeleka nini tayari. Rufaa ikipelekwa kutoka gerezani na nyingine ikapelekwa na familia, kesi moja hupata namba mbili, kila upande unangoja wito wake, na siku ya kutajwa mmoja hayupo. Karani wa hapa huuliza jambo hilo kabla ya kuwasha kompyuta. Tunampa alama kwa hilo.

Swali lake la pili ndilo linalotenganisha ofisi hii na vibanda vya kuchapa vilivyo jirani. Humwuliza mteja kwa sauti ya chini: "Mama, kosa lilikuwa gani? Na alipewa maisha moja kwa moja, au alihukumiwa kunyongwa kisha akabadilishiwa?" Wengi hawalijui jibu la pili, na bila jibu hilo hakuna la kufanya. Wako waliopewa maisha na mahakama yenyewe, kwa mfano kwa kunajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Wako waliohukumiwa kunyongwa wakabadilishiwa na Rais: zaidi ya 4,000 mwaka 2009, na 2,747 mwaka 2016. Mlango wa mmoja si mlango wa mwingine. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, ulisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, na watu wengi wakaomba kuhukumiwa upya. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Mwenye wizi wa mabavu au kesi ya kunajisi hawezi kupitia hapo, hata akiandikiwa na mwandishi hodari vipi.

Halafu kuna lile la kwetu. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa, ikiwa imeketi hapa hapa Malindi, ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinakiuka Katiba, ikampa mrufani miaka 40 badala yake. Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ya Kisumu ikasema maisha yahesabiwe miaka 30. Kwa mara ya kwanza maisha yakawa na namba, na namba ikishaingia kichwani mwa mfungwa haitoki. Mtu aliyekaa ndani miaka 18 akajiona amevuka nusu ya safari. Tarehe 11 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa Malindi na kukirudisha kifungo cha maisha.

Ofisi inayomuuzia mtu leo ombi la kugeuza maisha kuwa miaka 30 kwa kuegemea karatasi ya 2023 inamuuzia chakula kilichochacha. Hapa wamebandika ukutani karatasi moja yenye tarehe hizo, 2017, 2021, 2023 na 2025, kila moja na sentensi mbili za Kiswahili chepesi. Mteja akija na habari ya miaka 30 husomewa karatasi ile pole pole, na hatozwi. Kwa macho yetu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote wanazotoa, na haimo kwenye orodha ya bei.

Wanachosema kimebaki ni hiki, na ni sahihi. Rufaa ya kwanza ina siku 14 tangu hukumu. Zikipita, unaomba kwanza ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda na unaeleza sababu. Kesi iliyoanzia kwa hakimu, ikishapita Mahakama Kuu, huenda Mahakama ya Rufaa kwa hoja za kisheria tu. Kulalamika huko kwamba adhabu ni kali mno ni kupoteza wino. Rufaa zikiisha na ukapatikana ushahidi mpya na mzito, Katiba kifungu cha 50(6) kinaruhusu kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, lakini uwe mpya kweli, sio shahidi yule yule aliyekumbuka jambo jingine. Mwisho kuna huruma ya Rais, ambayo tutaifikia.

Kufuatilia faili wanakujua. Faili kamili wanalolitaka lina vitu vinne: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi uliochapwa, hukumu pamoja na adhabu, na hati ya kifungo. Bila mwenendo wa kesi hawaanzi kazi, na wako sawa, maana hoja za rufaa hutoka kwenye maneno ya mashahidi, hazitoki kwenye kumbukumbu ya shangazi. Hutoa nakala tatu, moja ya ndani, moja ya nyumbani na moja ya ofisi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni jina. Kwenye kitambulisho ni Khamis, kwenye hati ya mashtaka ni Hamisi, gerezani ameandikwa jina la babu likatangulia la baba. Masjala wanatafuta, hawaoni, mteja anaambiwa rudi wiki ijayo. Ndiyo sababu daftari linaandika jina la hati ya kifungo na majina mengine chini yake kwenye mabano. Wanaandika pia tarehe ya kukamatwa, hata kama kwa maisha haina kazi leo. Adhabu ikija kugeuka kuwa miaka, muda aliokaa remandi unapaswa kuzingatiwa chini ya kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kuitafuta tarehe hiyo baada ya miaka 15 ni kazi ya kutoa jasho.

Barua sasa. Hapa ndipo ofisi hii ina kipaji na ndipo ina kasoro yake kubwa.

Kipaji ni maswali. Mteja akisema, "Mwandikie tu sote hatujambo," karani hakubali. Atauliza mwembe wa nyuma umezaa au umekatwa. Nani anakilalia chumba chake siku hizi. Lango la ua bado ni la mabati? Unga ni shilingi ngapi, na mtoto wa mwisho ameota meno? Mwenye haraka huona ni usumbufu, lakini sababu yake ni nzito. Aliyefungwa huibeba nyumba kichwani kama alivyoiacha siku ya kukamatwa. Asipoelezwa mabadiliko, baada ya miaka kumi yeye na familia huwa wanazungumzia nyumba mbili tofauti, yeye anauliza habari za banda la mbuzi lililobomolewa zamani, na mgeni aliyekuja kumwona anaangalia chini. Tumeona ukurasa mmoja ambao karani alimchorea mfungwa ramani ya ua: choo kipya kiko wapi, njia ya kisimani imezibwa na ukuta wa nani, kaburi la bibi liko upande gani wa mnazi. Mistari ya kalamu tu na maneno kumi na mawili. Karatasi kama ile inasomwa mara mia.

Wanakumbusha pia kwamba barua hufunguliwa na kusomwa na maafisa kabla haijamfikia, kwa hivyo andika yanayosomeka na kila mtu. Usitaje kesi ya mfungwa mwingine, usitumie majina ya mafumbo, usifiche noti ndani. Salamu za ukoo zisizidi mistari mitano, la sivyo ukurasa unakwisha kabla habari haijaanza. Ndani ya bahasha hutia karatasi mbili tupu, bahasha nyingine na stempu, ili ajibu bila kumwomba mtu. Stempu ni kitu kidogo kwako. Kwake ni tofauti kati ya kujibu wiki hii na kujibu baada ya Idi.

Picha huchapa za inchi 4 kwa 6, zisizidi nne kwa barua moja. Nyuma huandikwa tarehe, mahali, majina kuanzia kushoto, na darasa la kila mtoto. Tumia kalamu ya wino mkavu, maana wino wa kalamu nene hupenya mpaka mbele. Kati ya picha na picha weka kipande cha karatasi kavu; kwa unyevu wa pwani zikilaliana ndani ya kitabu hugandana, na ukizibandua uso wa mtoto unabaki kwenye mgongo wa picha ya pili. Ofisi haikumbuki jambo hilo kila mara, likumbuke wewe.

Kasoro ni sauti. Barua zao zote zinaanza kwa buheri wa afya na kuishia kwa wako mtiifu, iwe inatoka kwa mke wa Kipini au kwa mama wa Kakuyuni. Mfungwa aliyepokea mbili tu anajua ni karani anayezungumza. Mama anayemwita mwanawe "babaa" basi na barua imwite babaa. Ukienda, sema mwenyewe neno kwa neno, kisha umwambie akusomee kwa sauti kabla ya kuchapa, na ukisikia neno usilolitumia, likatwe. Kama unajua kuandika hata kwa shida, andika kwa mkono wako. Mwandiko wa mama ulioyumba una thamani kuliko fonti yoyote. Hilo wenyewe hawakwambii, kwa kuwa ukurasa wa kuchapa ni shilingi 50.

Kupanga ziara wanafanya vizuri sana, hasa kwa watu wa Lamu. Anayetoka Amu anavuka kwa boti mpaka Mokowe, anapanda basi la kupitia Hindi, Witu na Minjila, na kwa vizuizi vya usalama vya njia ile hana hakika ya saa ya kufika Malindi. Akifika alasiri ziara zimekwisha. Ratiba ya ofisi inamlaza mjini usiku mmoja na kumfikisha getini mapema asubuhi ya pili, na kabla hajaondoka kwao wanahakikisha kwanza kama mfungwa bado yupo. Hilo ndilo linalookoa nauli. Mwenye kifungo cha maisha huweza kuhamishwa kwenda gereza lenye ulinzi mkali, Shimo la Tewa kule Mtwapa, ambayo ni kama kilomita mia zaidi, au Manyani, mbele ya Voi, na familia isijue mpaka ifike kwenye geti ambalo hayupo. Kwa ada ya shilingi 200 wanapata jibu, wanafuta gereza la zamani kwenye daftari na kuandika jipya.

Kitambulisho kiwe chenyewe, fotokopi haitoshi, na ubebe namba ya mfungwa. Chakula cha kupikwa kwa aliyekwisha kuhukumiwa usikibebe. Sufuria ya pilau iliyolindwa njia nzima itaishia getini. Sabuni ya mche, dawa ya meno, kandambili na kitabu ndivyo vitu vya kuuliza kama vinapokewa siku hiyo. Pesa zisipitie mkononi mwa mtu yeyote; ziwekwe kwa jina lake katika ofisi ya gereza, na udai risiti.

Kuhusu dakika zile chache za kuonana, ofisi hutoa karatasi ndogo yenye ushauri, na mmoja tunautia mkazo: mpelekee jambo la kuamua. Mtoto aende shule gani, shamba likodishwe kwa nani, posa ya dada ijibiwe vipi. Mfungwa wa maisha anayeulizwa shauri bado ni baba, bado ni kaka mkubwa. Anayeletewa machozi na ahadi kwamba mwaka huu utatoka tu, hubaki na ahadi hiyo usiku kucha baada ya milango kufungwa, na mwaka ukipita anaacha kuamini hata habari ya mwembe.

Kwa akina mama waliofungwa ofisi haina mpango wowote wa maana. Sheria inamruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka atimize miaka minne, na mama wa kifungo cha maisha anajua tangu siku ya kwanza kwamba siku hiyo itafika. Kumtayarisha bibi au shangazi wa kumpokea, na kumzoesha mtoto sura yake mapema kwa ziara za mara kwa mara, ni kazi ambayo ingetosha ukurasa wake katika daftari. Haumo.

Habari za msiba ndizo tulizoziangalia kwa makini kuliko zote, kwa sababu kifo cha mzazi huku nje ndicho kitu ambacho wengi wenye kifungo cha maisha wanakihofia kila siku. Utaratibu wa hapa ni mzuri. Hawaandiki kifo kwenye barua. Wanapiga simu kwa ofisi ya ustawi ya gereza, au kwa imamu au kasisi anayehudumu ndani, na kuomba mtu aambiwe ana kwa ana mchana, akiwa na mwenzake wa karibu, asiambiwe jioni kabla ya kuhesabiwa na kufungiwa. Wanatoa mambo manne tu: nani, lini, kwa maradhi gani, amezikwa wapi. Barua hufuata wiki hiyo hiyo ikiwa na maelezo ya mazishi: nani aliteremka kaburini, nani aliongoza sala, maiti ilipitishwa njia ipi. Aliyekosa kumzika mamake anahitaji njia ile aipite kwa kichwa. Ikiwezekana, ziara ya kwanza baada ya msiba iwe ndani ya mwezi mmoja. Hiyo wanaiandika kwenye daftari kwa kalamu, na penseli hawaigusi.

Ombi la huruma. Katiba kifungu cha 133 kinampa Rais uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu kwa ushauri wa kamati maalumu, na mtu yeyote anaweza kuomba kwa niaba ya mfungwa. Rufaa zimalizike kwanza. Ofisi inatoza shilingi 1,500 kuandaa ombi, na kazi wanayotoa haitoshi kwa pesa hizo. Kiolezo chao ni kimoja, kimejaa maneno ya majuto yanayofanana kwa kila mtu, na msomaji wa maombi mengi atayatambua kama sisi tulivyoyatambua. Mwambie karani aache nusu ya ukurasa wa kwanza wazi. Pale iandikwe miaka yake ya ndani kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka: alijifunza ushonaji lini, alifaulu mtihani gani, alifundisha darasa gani, amewahi kuadhibiwa au la, na kama amewahi, kwa nini. Ambatisha vyeti. Kisha eleza atakapokwenda: nyumba ya nani, atafanya kazi gani, nani amekubali kumpokea, na barua ya chifu wa mahali hapo.

Mahali hapo pana uzito. Katiba inairuhusu kamati kuzingatia maoni ya walioumizwa. Ikiwa mtoto aliyedhulumiwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu, usiandike kwamba atarudi hapo. Mtoto yule naye ana miaka yake ya kuvumilia, na yeye hakuhukumiwa kwa lolote. Tulisikia karani akimshauri mteja aende kwa familia ile akaombe barua ya msamaha. Ushauri huo ni mbaya, na ni wa hatari. Mtu akibishiwa hodi na ndugu wa aliyemdhuru anaona vitisho, hata ukienda na halua. Wazee wasiende, na mke asiende. Maoni yao yatatafutwa na wenye kazi hiyo, nao wana haki ya kukataa.

Mengine ni madogo. Risiti zao ni za karatasi ya joto, zinafifia kabla ya mwaka, zipige picha. Faragha ni duni, maana mezani unasikika mpaka benchini, na kosa kama kunajisi halisemeki mbele ya watu watano. Ukitaka kusema hilo nenda mapema, saa mbili na nusu, kabla benchi halijajaa, au mwandikie karani kwenye karatasi. Jumatatu epuka. Ni mtu mmoja tu pale anayejua kusoma hukumu vizuri, na siku ambazo yuko mahakamani mwenzake atakuchapia unachotaka bila kukuonya.

Kifurushi cha mwaka ni shilingi 4,500: barua sita, ziara nne zilizopangwa, simu za kuthibitisha gereza, na ukurasa kwenye daftari. Hicho tunakipendekeza bila kusita, hata kwa anayeishi Malindi penyewe na anayeweza kwenda getini kwa miguu, kwa sababu anayeishi karibu ndiye huahirisha. Kuchapa rufaa tunapendekeza ikiwa faili lote liko mkononi. Ombi la huruma, chukua fomu na uandike na mtu anayemjua mfungwa kweli.

Ijumaa hufunga saa sita mpaka saa nane. Nenda na kitambulisho chako, hati ya kifungo au namba ya kesi, na picha moja ya mfungwa kama ipo. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe ukurasa wake ukiwa umeandikwa, soma jina herufi kwa herufi, kisha utazame kulia kabisa uone kama safu ya penseli ina tarehe.